Treni iliyouawa na mpaka yarudi relini: Afrika Mashariki ijifunze nini?

UCHAMBUZI

Katika mji mdogo wa Kopřivnice, mashariki ya Jamhuri ya Czech, lipo jengo la vioo lililojengwa kwa ajili ya kuhifadhi kitu kimoja. Ndani yake ipo treni ya behewa moja, nyekundu, yenye injini zake yenyewe na pua za mviringo mbele na nyuma, umbo lililobuniwa ili ikate upepo. Jina lake ni Slovenská strela, yaani Mshale wa Slovakia. Ilitengenezwa mwaka 1936. Kwa miongo kadhaa ilikuwa pambo la makumbusho ambalo watoto hupigia picha. Mwaka 2021, baada ya kazi iliyoanza 2018, ilitembea tena relini kwa nguvu zake.

Kwa mfanyabiashara anayevusha mzigo Malaba, Namanga, Rusumo au Kasumbalesa, habari ya treni ya kizamani huko Ulaya ya Kati inaweza kuonekana ni ya watu wenye fedha za kuchezea. Treni yenyewe ina viti 72 tu. Haibebi gunia la maharage wala tenga la nyanya.

Hata hivyo, habari hii inamhusu. Mshale wa Slovakia haukuondolewa kazini kwa sababu ya kutu wala injini kuchoka. Uliondolewa ukiwa bado mpya kwa sababu mpaka uliota katikati ya njia yake. Miaka 38 baadaye jambo la namna hiyo hiyo likazipata treni za Afrika Mashariki. Namna Wacheki walivyoirudisha treni yao, na mambo ambayo hawakuweza kuyarudisha, yanasaidia kuelewa kwa nini ukarabati wa reli na meli za zamani katika ukanda huu unasonga haraka mahali pengine na kukwama kwingine.

Miji miwili, chini ya saa tano

Czechoslovakia ilizaliwa mwaka 1918, baada ya dola ya Austria na Hungaria kuvunjika. Ilikuwa nchi ndefu na nyembamba iliyounganisha Wacheki wa magharibi na Waslovakia wa mashariki. Praha, mji mkuu, ulikuwa mbali na Bratislava, mji mkubwa wa Waslovakia. Safari ya reli kati ya miji hiyo ni takriban kilomita 400. Serikali iliona kwamba umoja wa nchi hautoshi kuandikwa kwenye katiba, bali lazima mtu aweze kutoka mji mmoja asubuhi, afanye shughuli zake katika mji mwingine, na kurudi.

Kazi ikapewa kiwanda cha Tatra cha Kopřivnice, kilichokuwa chini ya mhandisi Hans Ledwinka na ambacho tayari kilijulikana kwa magari yenye umbo la kukata upepo. Msanifu majengo Vladimír Grégr alishiriki kuunda sura yake. Mvumbuzi Josef Sousedík, kutoka mji wa Vsetín, alitatua tatizo gumu kuliko yote: namna ya kuhamisha nguvu za injini mbili za petroli hadi kwenye magurudumu bila treni kushtuka wakati wa kuondoka.

Suluhisho la Sousedík lingeeleweka na fundi yeyote wa leo anayeshughulika na magari yanayotumia mafuta na umeme pamoja. Treni inapoondoka, injini huzungusha jenereta, jenereta huzalisha umeme, na umeme huzungusha magurudumu. Ikishapata kasi, injini hushikana moja kwa moja na magurudumu, na sehemu ya umeme hupumzika. Hivyo treni huondoka taratibu bila kutikisa abiria, na ikiwa njiani haipotezi mafuta. Katika majaribio ilifika kasi ya kilomita 148 kwa saa, na katika safari za kawaida iliruhusiwa kwenda hadi kilomita 130.

Zilitengenezwa treni mbili tu. Safari ya kwanza ya ratiba ilifanyika tarehe 13 Julai 1936, Praha hadi Bratislava, ikisimama Brno peke yake. Safari nzima ilichukua chini ya saa tano. Leo, miaka karibu 90 baadaye, treni za kawaida kati ya miji hiyo bado zinahitaji takriban saa nne.

Enzi hizo nchi nyingi zilikuwa zikishindana kwa treni za namna hiyo. Ujerumani ilikuwa na Fliegender Hamburger tangu 1933, kati ya Berlin na Hamburg. Marekani ilizindua Pioneer Zephyr mwaka 1934. Uingereza ilikuwa na Mallard, iliyoweka rekodi ya dunia ya injini za mvuke Julai 1938 kwa kasi ya takriban kilomita 203 kwa saa. Tofauti ya Mshale wa Slovakia ni kwamba haukutengenezwa kushindania kasi peke yake. Ulitengenezwa kushona pande mbili za nchi changa.

Mpaka ulipoota katikati ya reli

Mshono huo haukudumu miaka mitatu. Septemba 1938, katika mkutano wa Munich, mataifa makubwa yalimpa Hitler maeneo ya pembezoni mwa Czechoslovakia. Tarehe 14 Machi 1939 Slovakia ilijitangaza dola peke yake chini ya ulinzi wa Ujerumani, na siku iliyofuata majeshi ya Ujerumani yakaingia Praha. Njia ya treni ikakatwa na mpaka ambao haukuwepo. Huduma ya Mshale ikafikia mwisho.

Waliotengeneza treni hiyo walipatwa na makubwa zaidi. Grégr alijiunga na harakati za kupinga uvamizi, akakamatwa na kuuawa Berlin mwaka 1943. Sousedík aliuawa na polisi wa siri wa Kijerumani mjini kwake Desemba 1944. Ledwinka, aliyeendelea kukiongoza kiwanda wakati wa vita, alifungwa jela na serikali ya Czechoslovakia baada ya vita, akatoka 1951.

Vita vilipokwisha nchi iliungana tena, lakini Mshale haukurudia kazi yake ya awali. Treni moja kati ya mbili ilitoweka kabisa. Ya pili iliishia katika makumbusho ya Tatra, mjini ilikotengenezwa. Tarehe 1 Januari 1993 Czechoslovakia yenyewe iligawanyika, safari hii kwa makubaliano bila kumwaga damu, ikawa Jamhuri ya Czech na Slovakia. Treni yenye jina la Slovakia ikabaki upande wa Czech.

Baada ya hapo likatokea jambo ambalo wafanyabiashara wa mipakani wanapaswa kuliangalia kwa makini. Nchi hizo mbili zilipogawanyika hazikuvunja biashara kati yao, bali zilianza na umoja wa forodha. Tarehe 1 Mei 2004 zote mbili ziliingia Umoja wa Ulaya siku moja. Tarehe 21 Desemba 2007 ukaguzi wa pasipoti mpakani ukaondolewa. Leo Slovakia inatumia euro na Czech inatumia koruna yake, lakini dereva wa lori hasimami kati ya Brno na Bratislava ila kwa chai au mafuta.

Kwa hiyo wakati mafundi walipoichukua treni kutoka Kopřivnice mwaka 2018, tayari njia yake ya zamani ilikuwa wazi. Mpaka ulikuwa umebaki kwenye ramani, lakini haumzuii mtu.

Kufufua si kupaka rangi

Treni nyingi za enzi ile zipo katika majumba ya makumbusho, lakini hazitembei. Mallard imesimama York, Uingereza. Pioneer Zephyr imesimama Chicago. Fliegender Hamburger imebaki kipande tu. Kuisafisha treni na kuipaka rangi ni kazi ya miezi. Kuirudisha ikatembea ni kazi nyingine, kwa sababu tatu.

Kwanza ni vipuri. Treni iliyotengenezwa mbili tu haina duka la vipuri mahali popote. Kifaa kikiwa kimeliwa na kutu, fundi hana pa kununua kingine. Analazimika kukipima, kuchora mchoro wake na kukichonga upya. Pili ni ujuzi. Mhandisi wa leo amefundishwa mifumo ya kompyuta, na si mfumo aliouwaza mtu mmoja miaka ya 1930. Tatu ni usalama. Njia kuu za leo zina ishara na masharti ambayo hayakuwepo 1936, na treni ya zamani hairuhusiwi kupita kwa heshima ya umri wake. Breki, magurudumu na ekseli lazima zipimwe kama za treni nyingine yoyote.

Wacheki walifanya maamuzi mawili yaliyosaidia. La kwanza ni la kisheria: mwaka 2010 treni hiyo ilitangazwa kuwa mnara wa taifa wa utamaduni. Tangazo hilo lilizuia isikatwe vyuma chakavu, na lilifungua mlango wa kuombea fedha. La pili ni la fedha: mradi uliungwa mkono na mfuko wa maendeleo ya mikoa wa Umoja wa Ulaya. Treni iliyovunjwa na mgawanyiko wa Ulaya ilikarabatiwa kwa msaada wa kapu la Ulaya iliyoungana.

Italia ilipitia njia inayofanana. Shirika lake la reli liliunda taasisi maalumu ya urithi wa reli mwaka 2013, na taasisi hiyo ikairudisha kazini treni ya Arlecchino, iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya Roma ya 1960, kwa safari za watalii wanaolipa. Somo la Italia ni kwamba treni ya zamani ikipewa mwenyewe anayejulikana, bajeti yake na ratiba yake, inaweza kuishi. Ikiachwa chini ya idara isiyokuwa na jukumu hilo, huliwa kidogo kidogo hadi kubaki mifupa.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na reli moja

Hapa ndipo habari inaporudi nyumbani. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika, likawa shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zilitengwa, reli zikabaki na shirika lake. Injini zilikuwa za pamoja, karakana kuu ilikuwa Nairobi, na meli za Ziwa Victoria zilipanga safari zake kufuatana na treni. Abiria aliweza kupanda Mombasa na kushuka Kampala. Mfanyabiashara alikata tiketi yake, akaukabidhi mzigo wake kwenye behewa la vifurushi la treni hiyo hiyo, na akaupokea mwisho wa safari.

Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilivunjika. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Injini, mabehewa na meli zilibaki pale zilipokutwa, na kila nchi ikaanzisha shirika lake. Ugomvi wa nani achukue nini ulisuluhishwa kwa upatanishi wa Victor Umbricht, raia wa Uswisi, na makubaliano yakasainiwa Arusha Mei 1984. Katika mgawanyo huo Kenya ilihesabiwa asilimia 42 ya mali, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26.

Mali ikagawanywa, lakini mtandao haugawanyiki. Reli ya Voi, Taveta hadi Kahe, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikaunganisha njia ya Mombasa na njia ya Tanga, ilipoteza maana yake. Tanzania ilibaki bila karakana kuu iliyokuwa Nairobi. Uganda ilibaki na reli isiyofika baharini. Kama Mshale wa Slovakia, treni hizi hazikushindwa kutembea. Zilikosa pa kwenda.

Mkataba wa Jumuiya mpya ulisainiwa Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000. Leo Jumuiya ina nchi nane. Safari ya treni ya abiria kutoka Nairobi hadi Kampala bado haijarudi.

Vyuma vya zamani vilivyorudi kazini

Si kwamba hakuna kilichofanyika. Katika miaka ya karibuni nchi za ukanda huu zimefufua vyuma vingi vya zamani kuliko watu wanavyokumbuka, na kwa matokeo yanayotofautiana.

Mwaka 2018 meli ya MV Umoja ya Tanzania ilianza tena kubeba mabehewa kutoka Mwanza hadi Port Bell, Uganda, baada ya kupita takriban miaka kumi. Meli hiyo na dada yake MV Uhuru ya Kenya ziliundwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la pamoja. Zina reli ndani yake, hivyo behewa linaingia melini na kutoka upande wa pili bila gunia kushushwa. Mwishoni mwa 2019 MV Uhuru nayo ilirudi majini kati ya Kisumu na Port Bell, na miongoni mwa mizigo yake ya kwanza ilikuwa mafuta.

Upande wa reli, Tanzania ilirudisha treni ya abiria hadi Moshi mwaka 2019 na hadi Arusha mwaka 2020, kwenye njia iliyokuwa imelala kwa zaidi ya miaka 20. Kenya ilitumia wahandisi wa reli, jeshi na vijana wa huduma ya taifa kufufua njia ya Nanyuki mwaka 2020, na mwishoni mwa 2021 treni ya abiria ikarudi Kisumu. Zote hizi ni reli za zamani za mita moja.

Ziwa Tanganyika lina mfano unaoukaribia Mshale wa Slovakia kuliko yote. MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, na kupelekwa Kigoma kuunganishwa upya. Ilishushwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa vizazi vitatu wachuuzi wa dagaa, mananasi, mahindi na mchele waliitegemea kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, wakipakia kwa mitumbwi pale pasipo na gati. Ilisimamishwa kwa uchakavu, na mwishoni mwa 2023 serikali ya Tanzania ilisaini mkataba wa kuikarabati.

Tofauti kati ya Liemba na Mshale ni kubwa. Wacheki wakiamua treni yao itembee siku tatu kwa mwaka, hakuna anayelala njaa. Meli ya Liemba ikisimama, mama mwenye magunia 10 ya mchele hukosa njia ya kufika sokoni, au hupanda chombo kidogo kisichohimili mawimbi. Huku kwetu kufufua chombo cha zamani ni suala la maisha kabla ya kuwa suala la urithi.

Kinachokwamisha si injini

Kama Wacheki wanaweza kuchonga upya kifaa kisicho na mfano duniani, basi injini ya reli ya mita moja, ambayo bado inatumika katika nchi nyingi, haiwezi kuwa kikwazo kikuu. Ukiangalia kwa makini, vikwazo vingi viko nje ya karakana.

Cha kwanza ni upana wa reli. Ukanda huu sasa una reli za aina tatu. Reli ya zamani ya Kenya, Uganda na Tanzania ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina milimita 1,067. Reli ya kisasa, SGR, ina milimita 1,435. Behewa la moja haliendi kwenye nyingine. Mzigo unaotoka Mombasa kwa SGR ukifika Naivasha hushushwa na kupakiwa upya kwenye reli ya zamani ili uende Malaba. Kila kushusha na kupakia ni fedha, muda na hatari ya upotevu.

Cha pili ni mpango wa kila nchi kujenga kwa wakati wake. SGR ya Kenya ilifika Nairobi mwaka 2017 na Naivasha mwaka 2019. Ya Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Uganda ilisaini mkataba wa ujenzi wa Malaba hadi Kampala Oktoba 2024. Mwaka 2025 ulisainiwa mkataba wa kipande cha Uvinza hadi Musongati, kitakachoiunganisha Burundi. TAZARA nayo iko katika mpango wa kufufuliwa na kampuni ya China, baada ya Tanzania, Zambia na China kusaini makubaliano Beijing Septemba 2024. Kila mradi una maana. Lakini hadi vipande hivyo vishikane, mzigo wa mfanyabiashara mdogo utaendelea kutegemea reli ya zamani au barabara. Kwa maana hiyo ukarabati wa reli ya mita moja si kupoteza fedha kwa kitu kinachokufa, kwa kuwa ndiyo daraja la kuvukia kipindi hiki.

Cha tatu ni mpaka wenyewe. Barabara zimepata vituo vya pamoja vya forodha Malaba, Busia, Namanga, Taveta na Holili, Rusumo na Mutukula, ambako msafiri hushughulikiwa na maofisa wa nchi mbili mahali pamoja. Tangu 2014 Himaya Moja ya Forodha inawezesha ushuru kulipwa mzigo ukiwa bado bandarini. Mfanyabiashara mdogo ana cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Haya yote yalibuniwa yakimwangalia mtu wa lori, basi na mkokoteni. Mtu wa treni hakufikiriwa sana, kwa sababu treni ya abiria inayovuka mpaka haikuwepo. Ikirudi leo bila utaratibu wa kukaguliwa ndani ya behewa ikiwa njiani, abiria watashushwa wote usiku pale Malaba na mabegi yao, na mwezi wa pili watarudi kwenye mabasi.

Cha nne ni ratiba. Mshale wa Slovakia ulipata sifa kwa sababu mtu wa Brno alijua utapita saa ngapi. Meli au treni iliyokarabatiwa kwa sherehe na hotuba, kisha ikasafiri wiki hii na kukosa wiki ijayo, haimsaidii mwenye samaki wanaooza. Mfanyabiashara anaweza kuvumilia mwendo wa polepole, maana atapanga mambo yake kwa kuufuata, lakini kutojua kama chombo kitakuja kunamla mtaji.

Wafanyabiashara wadai nini

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vimezoea kudai kupunguzwa ushuru na kuondolewa vizuizi vya barabarani. Ni madai halali. Lakini kila serikali inapotangaza kufufua treni au meli, yapo maswali manne yanayofaa kuulizwa kabla ya kupiga makofi.

Swali la kwanza ni chombo hicho kinafufuliwa kwa kazi gani. Kama ni urithi na utalii, kama ilivyo Kopřivnice au Italia, hilo ni jambo jema, na makumbusho ya reli ya Nairobi yana injini kubwa za mvuke zinazostahili heshima hiyo. Ila isemwe wazi, ili fedha za kusafirisha mizigo zisihesabiwe humo. Swali la pili ni nani mwenyewe, maana chombo cha wote bila msimamizi huishia kuwa cha mtu yeyote. Swali la tatu ni vipuri na mafundi wa miaka 10 ijayo, na si wa siku ya uzinduzi. Nchi tatu zinazotumia injini za reli ya mita moja zingeweza kununua vipuri pamoja na kufundisha mafundi pamoja, kama zilivyofanya kabla ya 1977. Swali la nne ni lile lililouliwa nalo Mshale: mpakani itapitaje?

Hilo la nne ndilo kubwa. Wacheki na Waslovakia waliachana wakiwa na serikali mbili, bendera mbili na hatimaye fedha mbili, lakini walilinda njia. Afrika Mashariki ilipoachana mwaka 1977 ilifunga njia kwanza, kisha ikakaa miaka saba kuhesabu mabehewa. Gharama ya uamuzi huo bado inalipwa leo na kila anayelipia lori mzigo ambao ungeweza kwenda kwa reli.

Mafundi walihitaji takriban miaka mitatu kuirudisha treni iliyokuwa imelala miongo mingi. Kuifungua njia yake kulichukua muda mrefu zaidi, na kulifanywa na wanasiasa, maofisa wa forodha na wapiga kura wa nchi mbili. Mawaziri wa uchukuzi wa ukanda huu wakikutana tena kuzungumzia reli, wenye mizigo Malaba watataka kusikia kwanza habari ya ofisi ya forodha ndani ya treni, kabla ya habari ya injini mpya.